Carte Mère ya Mama Houda

Pale Buyenzi, mbele ya ateliye, karakana ya milango ya Fatouma, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Houda, kuna benchi ndefu aliyoipigilia misumari mwenyewe, na kila jioni huijutia. Wanaume huikalia baada ya swala ya alasiri, kahawa ikichemka juu ya makaa pembeni, na hakuna jambo la dunia wanaloshindwa kulitolea hukumu. Siku hiyo jambo lilikuwa lake. Umeme ulikuwa umekatika, ukarudi kwa nguvu, ukaunguza kompyuta inayoongoza mashine yake ya kuchonga, ile ambayo kichwa chake hutembea chenyewe juu ya mbao na kuacha maua. Kilichoungua ni carte mère, ubao wa ndani unaounganisha viungo vyote vya kompyuta. Bila huo, mashine ilikuwa meza tu. Vainqueur, kijana anayemnunulia vifaa, alikuwa amepiga simu kutoka Dubai, amesimama dukani: "Mama, carte ziko nyingi hapa. Nichukue gani? Wanakaribia kufunga." Mama Houda akatoka nje kuuliza, na hapo ndipo alipokosea.

— Ya jeux, ya kuchezea michezo, akasema Rénovat, mtengeneza simu na kompyuta, ambaye kwa hiyo huitwa Docteur. Zile zenye kuwaka mataa. Iko na nguvu mbaya sana.

— Juzi ulisema laptop yako itatosha, Mama Houda akamkumbusha.

Juzi Docteur alikuwa ameifunga laptop yake kwenye mashine kwa kutumia kiunganishi kidogo, adapteri. Ua la kwanza lilitoka vizuri. La pili mashine ilisitasita, ikaruka, likatoka limepinda kama mdomo wa mtu aliyeonja ndimu. Ubao mzuri wa mti wa libuyu ukaharibika, nao ulikuwa wa mteja.

— Ile ilikuwa kosa ya adapteri, si ya laptop.

— Adapteri ilikuwa ya nani?

— Ya mi. Lakini mi niliinunua kwa mutu.

Mzee Shaabani, fundi umeme wa zamani, jina lake la pale Voltage, akaweka kikombe chini.

— Mataa ni mambo ya watoto. Uzito njo kila kitu. Vainqueur azibebe mbili mbili mukononi, ile yenye kuvuta chini, alete. Kuran ya hapa, huu umeme, ikirudi na hasira, carte nyepesi inakufa.

— Baba Shaabani, aombe mizani dukani? Mama Houda akauliza.

— Akipata mizani, vizuri zaidi.

Birindwa, muuza vitenge kutoka Bukavu, wanayemwita Ministre, yaani waziri, kwa ajili ya mashati yake, alikuwa akitikisa kichwa tangu mwanzo.

— Mwote munakosea. Mashine ilitoka wapi? China. Carte ikitoka Amerika, zitaongea je? Moja inasema kata, ingine inasikia pumzika. Njo maana ua ilipinda.

— Laptop ya Docteur imetengenezwa China, Mama Houda akasema.

— China ya upande gani?

Simu ikaita tena. Vainqueur alisema wameanza kuzima taa za dukani. Mama Houda akamwomba angoje kidogo, akajisikia mjinga kwa kumwomba.

— Halafu, Voltage akaendelea, carte ya Dubai inalala mu climatisation, mu baridi ya mashine. Ikifika hapa, na hii hewa ya ziwa, itashikwa na malaria. Niliona televizyo moja Ruziba, kila magharibi inatetemeka.

— Ile ni antena, Docteur akasema.

— Na antena, inatetemeka sababu ya nini?

Mama Houda alikuwa akitafuta neno la kumaliza mazungumzo bila kumvunjia mzee heshima, ndipo akafika Léocadie, mama mmoja wa mtaa wa Kamenge. Huyo ndiye mwenye ubao wa libuyu ulioharibika, uliokuwa uwe mlango wake. Nyumba yake mpya haikuwa na mlango. Usiku aliegemeza bati pale, akalala jicho moja wazi. Wakamsogezea nafasi, akakataa kukaa. Akasikiliza kidogo.

— Ile iliyoungua iko wapi? akauliza. Si mumupigie picha, atafute yenye kufanana nayo?

Docteur akatazama ndani ya kikombe chake.

— Mi niliitoa, nikamupa Ministre, amutafute mutu wa kununua vipande.

— Mi nilijua ni takataka, akasema Birindwa. Nikaitia mu muzigo ya Uvira.

— Carte yangu iko Uvira? Mama Houda akauliza polepole.

— Apana. Ilikuwa Uvira.

Hakugomba. Nguvu za kugomba zilikuwa zimekwisha. Aliingia ateliye, Léocadie nyuma yake, akachuchumaa nyuma ya mashine na kuuvuta waya wake mnene kutoka kwenye vumbi la mbao. Kichwa cha waya kilikuwa kipana, kimejaa vijiti vyembamba vya chuma. Léocadie akakishika kwenye mwanga, Mama Houda akapiga picha, akaituma.

Jibu halikukawia. "Mwenye duka anasema carte mpya hazina tena mahali pa kuingiza hii," Vainqueur akasema. "Adapteri ndogo inachelewesha amri, mashine inapotea. Lakini iko na moja ya zamani chini ya meza, yenye mdomo wa hii waya. Ameiwasha mbele yangu. Nibebe?"

— Beba.

Akashusha simu, akashusha na mabega. Kisha akamweleza mteja wake kwamba carte itachukua siku kadhaa kufika, kwamba maua yatakuwa mazuri kuliko aliyoyaona kwenye picha, na kwamba anaomba amvumilie.

Léocadie alikuwa ameweka mkono juu ya mlango mmoja mtupu, uliorandwa vizuri, ulioegemea ukuta ukingoja kuchongwa badala ya ubao ule ulioharibika.

— Mama Houda, maua ni we ulinionesha. Mi nilikuja kutafuta mulango wa kufunga.

Mama Houda akamtazama, akautazama mlango. Aibu ilimpanda usoni, halafu kicheko kikaipita, cha kwanza tangu umeme urudi. Akachukua bawaba na kitasa, akavifunga kwenye kitambaa, akashika mlango upande mmoja. Léocadie akashika wa pili.

Walipotoka, wanaume wa benchi walilazimika kuinua miguu ili mlango upite.

— Hauna maua, akasema Docteur.

Wanawake wawili hawakumjibu. Walikuwa wameshavuka barabara, wakitafuta gari la kwenda Kamenge kabla giza halijaingia.