Hasani bin Habibu na Ungo wa Ngozi wa Ziwa Musia

Haki ya Mungu mmoja, na wasikie mpaka walioko Kondoa mjini, maneno haya yote ni kweli tupu, na kama kuna uongo ndani yake hata wa punje ya ulezi, basi ulimi wa Jamaldini bin Habibu, mdogo wake marehemu, anayesimama na kusema hapa makaburini kwa niaba ya familia, ukauke kama ngozi juani. Karatasi hana, kwa sababu yeye na herufi hawajawahi kusalimiana, lakini kichwa chake kinabeba tarehe kuliko kalenda ya msikitini. Mkimwona anatupa macho kule ziwani msimhesabie utovu wa adabu, maana Yusra, binti wa marehemu, yuko majini tangu asubuhi, peke yake, ndani ya ungo wa baba yake, na fundo la huo ungo kalifunga Jamaldini.

Marehemu Hasani alizaliwa tarehe 12 Novemba 1957 hapahapa kijijini, juu ya Kolo, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Habibu na Mama Mwanne, na siku hiyo mvua ilinyesha mpaka kambare wakaingia jikoni kwa miguu yao wenyewe kuja kumwona mtoto. Alianza darasa la kwanza Januari 1966, akaacha akiwa la sita, na sababu yake wazee wanaijua.

Wageni mliotoka Dodoma na Mtumba, ungo wetu si ule wa kupepetea nafaka, wala msiogope, si ule wa wachawi, ingawa marehemu aliitwa mchawi aliyeishiwa mafuta akashuka ziwani, na alicheka. Ni chombo cha mviringo, fito za mkole zimesukwa kama kapu, likavikwa ngozi nzima ya dume la ng'ombe, ikapakwa mafuta ya nyonyo, mvuvi anakaa kati amekunja miguu, na akimaliza kuvua anaubeba mgongoni kama kobe. Kamba inayokaza ngozi ukingoni anaifunga mwenyewe, isipokuwa fundo la mwisho, hilo linafungwa na mtu anayebaki nchi kavu, ili anayekwenda majini ajue kuna aliyemshikilia, na anayejifungia mwenyewe kajichimbia kaburi.

Tarehe 3 Aprili 1971 Mzee Habibu aliingia ziwani, fundo alifunga Mama Mwanne kama siku zote, na katikati ya maji likafunguka, ngozi ikauvuka ungo kama shati. Hasani na Jamaldini walisimama ukingoni wakakiona kichwa cha baba yao, wakakiona tena, halafu wakaona maji tu. Mama Mwanne hakula samaki mpaka anakufa, na mikono yake alikuwa anaificha ndani ya khanga hata akiwa na watoto wake, na siku hiyo Jamaldini aliapa hatagusa fundo la ungo maisha yake yote.

Marehemu alibeba magunia Kondoa mjini toka 1975, akarudi Machi 1978 akasuka ungo wake mwenyewe, na kijiji kizima kikasema huyu ana moyo wa chuma. Alipambana na kiboko mkubwa kama lori la mchanga, akampiga kasia la pua, kiboko akahama wilaya. Lakini ukweli, na Jamaldini ndiye shahidi, ni kwamba kila alfajiri kabla ya kushika kasia marehemu alikwenda nyuma ya nyumba akatapika kwa hofu, akanawa uso, akaja mbele anapiga mluzi.

Tarehe 14 Julai 1984 alimwoa Mwanaidi binti Swalihu, na mafundo yote ya ungo kwa miaka ya ndoa ile alifunga Mwanaidi, halikulegea hata moja, wakajaliwa Makame, mwaka 1986, ambaye leo anauza mabati Dodoma, na Yusra, tarehe 3 Juni 1991, ambaye yuko ofisini Mtumba. Mwanaidi alifariki tarehe 20 Agosti 2016, na ungo ukapandishwa darini jikoni, kwa sababu wa kumfungia fundo hakuwepo tena, na wavuvi wengine walishahamia boti za plastiki, na huo ulikuwa umebaki peke yake ziwa zima. Makame akamwambia, "Baba, nunua boti, hiyo ngozi tukate viatu," marehemu akamjibu, "Vyako vimekufikisha wapi?"

Aliyeushusha ni Yusra, alitoka Mtumba Ijumaa moja na kucha zake za rangi, akashika kamba, akauliza, "Baba, likifunguka je?" na marehemu akasema, "Likifunguka nitalowa mimi, wewe funga." Tangu hapo kila alipopata nafasi alikuja, akafunga, akajifunza kusuka, kulainisha ngozi na kugeuza kasia, mpaka wenye boti wakaacha kumcheka.

Septemba 2024 marehemu alianza kuvimba miguu, wakasema ni moyo, akalazwa Dodoma, na alifariki alfajiri ya jana, tarehe 6 Februari 2025. Neno lake la mwisho kwa mdogo wake lilihusu ungo, maana mila yetu inasema siku ya kuzikwa mvuvi, ungo wake uende majini na mtu wa damu yake, urudi na samaki, la sivyo ngozi inakatwa vipande na kazi imeishia hapo. Sheikh alisema hilo silo la dini, lakini samaki ni halali. Yusra akasema ataingia yeye, na anayelijua fundo la kumfungia amebaki mtu mmoja tu.

Jamaldini, ambaye aliwahi kufunga fahali watatu kwa ukamba mmoja huku anakunywa chai, leo asubuhi vidole vilimgomea, akaona mikono ya mama yake mahali pa mikono yake. Yusra akauliza, "Baba mdogo, mbona unatetemeka?" akamjibu ni baridi, mtoto akasema, "Februari?" akamwambia baridi ya Februari ndiyo mbaya kuliko zote, akakaza, akageuka, hakumtazama anavyoondoka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Dodoma, wafanyakazi wenzake Yusra waliokuja na basi zima, wavuvi wa boti, na majirani mliochimba kaburi kwenye mwamba huu mgumu, Mungu awalipe, na pia inamshukuru... ngojeni kidogo. Ule pale. Pale penye matete, ungo unapanda ukingo, unatembea kwa miguu miwili, na pembeni unaning'inia mkia wa kambare, mkubwa kama mbuzi, haki ya Mungu, kama mbuzi.

Kaka, lala salama, kamba imeshika.

Na ninyi wanaume mliosikia, haya yabaki hapa makaburini, Yusra asiambiwe kwamba baba yake alikuwa anatapika, wala kwamba baba yake mdogo hapa amesimama kwa kushikilia jeneza, maana kesho mtoto anataka kuingia tena, na mfungaji ni huyuhuyu.