Bei ya Mguu wa Kushoto

OTSILE: Haloo? Nani mwenzangu?

BIBI MOSIDI: Ni mimi.

OTSILE: Mimi nani? Namba siijui, halafu huku kuna kelele. Ongeza sauti!

BIBI MOSIDI: Mimi bibi yako, Otsile. Hii simu ni ya Gaone, yule nesi jirani yetu.

OTSILE: Aa, Bibi! Shikamoo, Bibi.

BIBI MOSIDI: Marahaba. Umekula?

OTSILE: Nimekula. Leo kanisani mmetoka mapema?

BIBI MOSIDI: Mimi nimetoka kabla ya mahubiri.

OTSILE: Kabla ya... Unaumwa?

BIBI MOSIDI: Siumwi. Gari la babu yako liko wapi?

OTSILE: Si nilikuambia jana, Bibi? Nimelipeleka kwa fundi. Breki.

BIBI MOSIDI: Jumapili?

OTSILE: Huyu fundi hana dini.

BIBI MOSIDI: Na huo muziki?

OTSILE: Redio yake.

BIBI MOSIDI: Na hayo matairi yanayolia?

OTSILE: Ana... anajaribu breki.

BIBI MOSIDI: Otsile.

OTSILE: Naam, Bibi.

BIBI MOSIDI: Nimeuona mguu wangu.

(Matairi yanalia kwa mbali.)

BIBI MOSIDI: Upo?

OTSILE: Nipo. Mtandao unakata-kata huku, ngoja nitakupigia baada ya...

BIBI MOSIDI: Mtandao mzima kabisa. Nakusikia unavyomeza mate.

OTSILE: Mguu gani, Bibi?

BIBI MOSIDI: Nina mingapi iliyopooza? Shemeji yake Gaone yumo kwenye kundi lenu la wapenzi wa gusheshe, hayo magari ya zamani kama la babu yako. Amemtumia Gaone picha, akamuuliza, huyu si jirani yenu? Gaone wa watu akanifuata mpaka kwenye benchi la kanisa, akanishika mkono, akanitoa nje kwanza ndipo akanionyesha. Hakutaka nione mbele za watu. Mtoto wa mtu baki, Otsile.

OTSILE: Bibi, acha nikueleze...

BIBI MOSIDI: Nimeona kochi langu. Nimeona kitambaa nilichokifuma mwenyewe. Juu yake upo mguu, mtupu mpaka kwenye goti. Nilikuwa nimelala na blanketi. Blanketi lilikwenda wapi?

OTSILE: Nililisogeza kidogo tu.

BIBI MOSIDI: Ulinifunua.

OTSILE: Kidogo, Bibi! Sura haionekani!

BIBI MOSIDI: Pfuu! Ngoja niteme mate. (Anatema.) Endelea. Nieleze, maana bibi yako hajui mambo ya magari.

OTSILE: Niko Soshanguve, kwenye maonyesho.

BIBI MOSIDI: Hilo najua.

OTSILE: Unajua lile gari ni otomatiki. Hawa vijana wa kuzungusha magari uwanjani wanataka klachi, wanataka gari linaloruka na kutoa moshi. Mwezi uliopita niliwauliza, wakacheka. Wakaniambia gusheshe otomatiki ni dume la ng'ombe lililohasiwa. Nusu bei, basi, tena waling'oe gia watie nyingine.

BIBI MOSIDI: Hata wezi waliona hivyo. Mwaka ule walipoiba magari ya mtaa mzima, la kwetu walilifungua, wakaona halina klachi, wakafunga mlango taratibu wasituamshe. Babu yako alicheka wiki nzima. Alisema wezi wenye adabu.

OTSILE: Basi ndiyo hivyo! Lakini kuna wapenzi wa aina nyingine, watu wazima wenye mshiko. Wao wanatafuta kile ambacho hakikununuliwa. Kadiri watu walivyoyakataa zamani, ndivyo yalivyobaki machache, nao wanalipia huo uchache.

BIBI MOSIDI: Wanalipia kukataliwa.

OTSILE: Uchache, Bibi.

BIBI MOSIDI: Haya. Sasa mguu umeingiaje?

OTSILE: Kuna mzee mmoja hapa, Bwana Tladi. Ana ghala la magari, yamepangwa kama sahani kabatini. Wiki iliyopita alilizunguka la kwetu, akasema otomatiki peke yake ataongeza kidogo tu. Halafu akakiona kile kishikio mlangoni, kile cha kujivutia. Akaniuliza, hiki nani alikiweka? Nikamwambia.

BIBI MOSIDI: Ulimwambia nini?

OTSILE: Ukweli. Kwamba Babu alikuwa akifanya kazi kiwanda cha magari, Rosslyn, akaagiza otomatiki kwa sababu mguu wako wa kushoto haukanyagi klachi...

BIBI MOSIDI: Na kile kishikio walikichonga wenzake wakati wa mapumziko ya chakula, wakakipiga msasa mpaka hakikwaruzi kiganja. Wanaume saba, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akinijua. Ulimwambia na hilo?

OTSILE: Hilo hakuuliza.

BIBI MOSIDI: Ehe.

OTSILE: Alisema gari kama hili halipo jingine, ila hadithi bila ushahidi ni porojo. Akataka aone mguu.

BIBI MOSIDI: Nawe ukamwonyesha.

OTSILE: Niliitupia picha kundini, bei ikapanda mara mbili pale pale, Bibi! Mara mbili!

BIBI MOSIDI: Nimeishi na huu mguu tangu nina miaka minne. Niliitwa chechemea, niliitwa kigongo, mama mkwe wangu aliniita hasara. Leo ndiyo mara ya kwanza nasikia umepanda bei.

OTSILE: Usiseme hivyo.

BIBI MOSIDI: Walisema nini chini ya picha?

OTSILE: Nani?

BIBI MOSIDI: Hao wapenzi.

OTSILE: Mambo ya vijana tu.

BIBI MOSIDI: Gaone hakutaka kunisomea. Nikamwambia soma. Mmoja anauliza kama ipo video ya huyo bibi akipanda garini. Mwenzake anajibu, na akishuka pia. Halafu vile vikatuni vya kucheka, Otsile, vimepangwa kama siafu. Mwili wangu mwenyewe, nimeuonea kinyaa kama kitu kilichotupwa jalalani.

OTSILE: Nilitaka kukujengea bafu.

BIBI MOSIDI: Unasema?

OTSILE: Bafu la ndani. Kila asubuhi unatoka nje kwenye baridi, ile sakafu inateleza, nami nikiwa kazini nawaza utaanguka. Pesa sikutaka kuzila, Bibi. Naapa. Bafu, na vyuma vya kushikilia ukutani.

BIBI MOSIDI: Hilo la bafu nimelisikia.

OTSILE: Basi...

BIBI MOSIDI: Nimelisikia, na asante. Halifuti lile la blanketi.

OTSILE: Anasema ataongeza tena, yuko hapa pembeni yangu. Ukikubali tu kuja siku atakapolizindua ghalani kwake, ukae kwenye kiti cha dereva, dakika chache...

BIBI MOSIDI: Na mguu nje.

OTSILE: (kwa sauti ndogo) Na mguu nje.

BIBI MOSIDI: Na nini tena? Bado unameza mate.

OTSILE: Anataka na kile chuma.

BIBI MOSIDI: Chuma gani?

OTSILE: Kile cha zamani cha mguu. Cha mikanda. Kilikuwa juu ya kabati, huvai tena, nikaona...

BIBI MOSIDI: Nilichoolewa nacho?

OTSILE: Atakiweka ndani ya kioo, kando ya gari, na taa...

BIBI MOSIDI: Kiko wapi sasa?

OTSILE: Anacho yeye.

BIBI MOSIDI: Anafanya nacho nini?

OTSILE: Anawaonyesha wenzake.

BIBI MOSIDI: Anafanya nini, Otsile?

OTSILE: Amejipima nacho mguuni. Juu ya suruali. Wanacheka, lakini si kwa ubaya, Bibi, wanataniana tu...

(Honi ya gari inasikika upande wa Bibi.)

OTSILE: Bibi? Haloo?

BIBI MOSIDI: Gaone, mwanangu, simama hapo. Hapo penye bendera.

OTSILE: Unaongea na nani?

BIBI MOSIDI: Otsile, hilo shati la njano ulitoka nalo bila kulipiga pasi.

OTSILE: Umejuaje nimevaa... Bibi! Uko wapi?

BIBI MOSIDI: Langoni. Gaone amenileta na gari lake.

OTSILE: Langoni hapa? Mungu wangu. Nakuja, subiri hapo hapo...

BIBI MOSIDI: Usije. Baki na tajiri wako, tuongee kwenye simu. Sura zenu sitaki kuziona kwa karibu, nitatapika juu ya sare ya kanisa.

OTSILE: Bibi, kuna vumbi, kuna magari yanazunguka!

BIBI MOSIDI: Yamesimama. Kijana mmoja mwenye kofia amewapungia mkono wote wazime. Asante, baba, Mungu akuzidishie. Ona, huyo ana adabu. Hata kofia ameivua.

OTSILE: Funguo ninazo mimi!

BIBI MOSIDI: Babu yako alichukua mbili. Mmoja ni wako, wa pili uko kwenye pochi yangu ya sadaka.

OTSILE: Bwana Tladi anasema tulimalizana... yaani, nilimpa neno langu. Anasema neno ni neno.

BIBI MOSIDI: Ulimpa lako. La kwangu hakuliomba. Mwambie gari ni la mjane wa Molefi, na mjane wa Molefi haliuzi.

OTSILE: Bibi...

BIBI MOSIDI: Mwambie!

OTSILE: (mbali na simu) Anasema haliuzi, mzee. Ndiyo. Ndiyo, najua. (Karibu.) Ananitukana.

BIBI MOSIDI: Vumilia. Mimi nimefika kwenye gari. Lo, mmelisafisha vizuri, hapo sina neno. Ngoja nibane simu begani, nishike kishikio.

OTSILE: Bibi, wametoa simu. Wanakurekodi.

BIBI MOSIDI: Nawaona.

OTSILE: Geukia upande wa pili!

BIBI MOSIDI: Nitapandaje nikigeuka? Mguu lazima nianze kuuinua kwa mkono. Wewe ndiye uliyewaita waje kuutazama.

OTSILE: Acheni! Oya! Wewe, weka simu chini! Wewe mwenye fulana, nimekuambia weka chini! Sio maonyesho, huyo ni bibi yangu! Bibi yangu huyo!

(Zogo. Mtu anapiga mluzi. Kisha mlango wa gari unafungwa.)

BIBI MOSIDI: Nimekaa.

OTSILE: (anahema) Wameacha. Mmoja alinisukuma, lakini wameacha.

BIBI MOSIDI: Nimekusikia. Umeumia?

OTSILE: Hapana.

BIBI MOSIDI: Ile picha?

OTSILE: Naifuta. Nimeshaifuta. Lakini wengine wanayo, Bibi. Hilo siliwezi.

BIBI MOSIDI: Hilo huliwezi. Kaa nalo.

OTSILE: Nisamehe.

BIBI MOSIDI: Leo sijafika huko. Leo nina kinyaa bado. Nenda kwa huyo bwana, mvue chuma changu, uje nacho nyumbani. Mikanda usiivute, imechakaa.

OTSILE: Sawa. Sawa, Bibi. Nisubiri basi, nakuja nacho sasa hivi, nitakaa nyuma, sitasema neno.

BIBI MOSIDI: Gaone anatangulia, mimi namfuata. Sisubiri.

OTSILE: Sasa mimi nitarudi nyumbani Ga-Rankuwa na nini?

BIBI MOSIDI: Una miguu miwili mizima, Otsile.

OTSILE: Bibi, ni mbali! Na jua hili!

BIBI MOSIDI: Pitia kivulini. Ugali na matumbo nitavifunika visipoe. Haya, nawasha gari, kwaheri.

OTSILE: Bibi, ngoja... Bibi?