Kila Pakinoga

Kwenye basi la Geita, mama aliyekaa mbele yangu aligundua kuwa jirani yake, dada mwenye miwani, ndiye mtayarishaji wa tamthilia anayoifuatilia kila jioni. "Mwanangu, mbona kila pakinoga mnakata?"

Dada akasema alijifunza hilo utotoni, kwao Mwadui, kwa mama yake. Hadithi ikinoga, mama yake alikuwa ananyamaza, anawaambia watoto, "Kesho." "Kwa ujanja huo nimejenga Dar."

"Basi mama yako msalimie sana," yule mama akasema.

Nikajifanya nasoma simu iliyoisha chaji, wasijue nasikiliza.

"Alinipigia Jumatatu, akasema ana neno la kuniambia. Nilikuwa narekodi. Nikamwambia, mama, kesho. Alhamisi tumemzika. Sasa naenda kwa mama mdogo, huenda yeye analijua."

Konda akaita kituo cha Segese. Yule mama akainuka, akashuka taratibu, na safari hii hakulalamika kukatiwa hadithi.