Msiisome Makala Ile Kaburini Kwangu

Sogezeni viti, wanangu, na mlango uacheni wazi, maana nitakayosema leo nimeyafungia milango miaka ishirini na sita na hayakunipa usingizi. Namshukuru Mungu aliyenibakishia ulimi wakati miguu imekwisha kuaga, na namwomba anisimamie nisije nikapamba maneno hata hapa kitandani, kwa kuwa mazoea yana taabu. Wewe Makala, kitinda mimba wangu niliyekuita kwa jina la kazi yangu, weka simu yako hapo juu ya mto inase kila neno, na ukinisikia nakohoa usiizime. Kaka yako na dada yako watanyamaza mpaka nimalize. Najua mmoja wenu hawezi, lakini ajaribu.

Watu wananiita Mzee Chumvi, kwa jina la safu yangu iliyotoka gazetini kila Jumamosi na ambayo niliisoma redioni kila Jumapili asubuhi. Wasilolijua ni kwamba shule yangu ilikuwa fupi kama mkia wa mbuzi, kwamba niliingia gazetini na ufagio mkononi, nikapandishwa kupanga herufi za risasi, nikajifunza kusoma maneno kinyumenyume kabla sijayasoma sawasawa. Mhariri aliona nawaandikia wafagizi wenzangu barua zao, akanipa pembe ya ukurasa. Pembe ikawa nusu, nusu ikawa ukurasa mzima, mpaka ikafika mahali nikifungua mdomo dukani watu wanageuka. Sifa ni tamu, wanangu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nililitia maji nikaendelea kuwanywesha watu.

Jana meneja wa redio alikuja na kapu la matunda, mlimwona. Alisema "siku ile" watarusha matangazo kutoka makaburini. Hakuitaja ni siku gani, lakini tulielewana. Na alisema watasoma ile makala yangu inayopendwa kuliko zote, "Mikono ya Mungu", hiyo hapo ukutani ndani ya fremu, ambayo watoto wa shule huikariri. Wewe mkubwa ulimshukuru kwa niaba yangu. Mimi nikageukia ukutani mkadhani ni maumivu. Sasa sikilizeni: makala hiyo ina uongo ndani yake, na sitaki niteremshwe shimoni huku inasomwa juu ya kichwa changu.

Mnamjua Mama Taratibu, yule mkunga wa nyuma ya kinu cha kusaga, aliyepewa jina hilo kwa kuwa alimwambia kila mzazi, "Taratibu, mama, taratibu." Mnamjua kwa sababu niliwakataza msipite mlangoni kwake wala msicheze na wanawe. Hamkuniuliza kwa nini, nami sikuwaambia, kwa kuwa aliyekosa ndiye huwa wa kwanza kununa. Ilikuwa hivi. Siku moja ya Alhamisi, safu yangu ikiwa tupu na mashine ikingoja, alikuja ofisini mwanamume aliyefiwa na mke wodi ya wazazi. Alilia mbele ya meza yangu. Alisema mkewe anatokwa na damu, mkunga wa zamu, ndiye huyu Mama Taratibu, yuko chumba cha nyuma anakunywa chai. Sikuinuka kwenda kuuliza. Hospitali ilikuwa mwendo wa dakika kumi kwa miguu, na mimi sikuinuka. Niliandika "Chai ya Mkunga", nikaisoma redioni kwa sauti ile mnayoijua, na kabla mwezi haujaisha yule mama alikuwa amefukuzwa kazi.

Baadaye daktari aliandika barua. Kumbe siku ile mkunga alikuwa peke yake na wazazi watatu, amesimama tangu jana yake, ametuma watu mara tatu kufuata damu na damu haikuja, na kikombe kile mfagizi alimshikisha kwa kuwa alikuwa karibu kuanguka. Mhariri akachapa masahihisho ya mistari minne, ukurasa wa kumi na nne, chini ya tangazo la baiskeli iliyotumika. Akaniambia niyasome na redioni. Nikamjibu, "Redioni hakuna ukurasa wa kumi na nne." Chumba kizima kilicheka isipokuwa yeye. Tangu hapo nikamnunia, nikasema ananionea wivu, hata mazishi yake sikwenda. Mjane wake yupo. Mtakwenda kwake kwa niaba yangu mkamwambie kwamba mumewe alikuwa na haki.

Watoto wa mkunga wakawa wanaitwa "Chai" barabarani. Wewe mkubwa uliwahi kurudi nyumbani unacheka, ukasema, "Baba, leo tumewamwagia Chai mawe." Ulikuwa na miaka tisa. Sikukuchapa. Nilitabasamu, Mungu anisamehe, na dhambi ile ni yangu, usiibebe.

Haya, sasa ya Makala. Mama yenu alishikwa na uchungu mchana, mvua imenyesha siku tatu, daraja limekatika, gari halivuki. Mkunga wa upande wetu alikuwa mmoja tu. Nilikwenda mwenyewe, nikasimama mlangoni kwake natiririka maji kama paa bovu. Alikuwa anachagua mchele. Akaweka ungo chini.

"Si wewe mwenye ile chai?"

"Ni mimi, mama."

"Mkeo wa ngapi huyu kuzaa?"

"Wa tatu. Mtoto wa tatu, mama, mke ni mmoja."

"Nimeuliza vibaya, usije ukaniandika," akasema. "Ngoja nichukue mkasi."

Wewe, Makala, ulitoka na kitovu kimekuzunguka shingo, rangi kama ya wino, kimya. Mimi nilikuwa nje ya pazia nasikia "taratibu, taratibu", sijui anamwambia mama yenu, au wewe, au nafsi yake. Akakufungua, akakupulizia, akakupiga nyayo, na muda ule mrefu kuliko maisha yangu yote ukaisha kwa kilio chako. Mama yenu akasema nimpikie mgeni chai. Nilipika kwa mikono yangu, nikamletea. Akakitazama kikombe. "Nisipoinywa ataandika, nikiinywa ataandika," akamwambia mama yenu, wakacheka wote wawili, naye akainywa. Nilimpa pesa ya shukrani akaikataa. Alipofika mlangoni ndipo akaniambia, bila kunitazama, "Na hili uliandike, baba. Si kwa ajili yangu. Wanangu hawana jina mtaani."

Nikamwahidi. Nikaketi na taipureta na nia yangu ilikuwa njema, naapa, lakini nilipofika kwake vidole vikasita: nikimsifu, watu watauliza habari ya ile chai, na Mzee Chumvi hajawahi kukosea. Basi nikaandika kwamba nyumbani hapakuwa na mkunga wala jirani, palikuwa na mikono ya Mungu peke yake. Nililia nikiisoma redioni, wasikilizaji wakadhani ni furaha. Mama yenu, Mungu amrehemu, hakulia. Aliniambia, "Umemfanya Mungu mpokezi wa mali ya wizi." Kila alipopangusa fremu ile aliirudisha ikiwa imegeuka, uso ukutani, na mimi nikaigeuza tena, miaka yote hiyo.

"Baba," dada yenu anasema, nilijua hatavumilia, "baba, jina lako likichafuka tutazificha wapi nyuso zetu?" Mwanangu, watoto wa yule mama walizificha wapi zao? Jina langu mmelila mkashiba, sasa lirudisheni lilikotoka. Mungu hana haja ya kuibiwa watu sifa zao ili apewe yeye.

Mama Taratibu yuko hai, macho yamefifia. Fundi wa redio anayekaa jirani naye ameniambia kwamba kila Jumapili asubuhi mama huyo hufungua redio na kukaa karibu nayo, mpaka kipindi kiishe, kisha huizima. Miaka ishirini na sita anangoja sentensi moja. Mimi nilikuwa nayo mdomoni.

Nyumba hii kaeni wote, asiiuze yeyote mpaka mkubaliane watatu, na chumba cha uani kibaki cha shangazi yenu mpaka Mungu amwite. Taipureta ni ya dada yenu, labda itampunguzia maneno. Vitabu vyangu vya sala ni vya mkubwa, avifungue, si kuvipanga tu. Makala, wewe nakupa kipindi changu cha Jumapili. Mwambieni meneja kwamba nimekubali matangazo ya siku ile kwa sharti moja: saa yangu ianze kwa masahihisho, asome Makala, na yasomwe kabla ya sala. Akikataa, asije na kipaza sauti chake. Lakini kwanza kesho asubuhi mwende nyumbani kwa Mama Taratibu nyote watatu, mkubwa atangulie, mumsikilizishe sauti hii. Asinisikie nikiwa maiti kabla hajanisikia nikiwa mtu.

Leteni maji kidogo. Basi, inatosha.

Teremsheni fremu. Kalamu nyekundu iko kwenye droo. Kata "hapakuwa na mkunga wala jirani". Pale penye "mikono ya Mungu peke yake", kata "peke yake". Eeh. Juu yake andika, "na ya Mama Taratibu". Irudisheni ukutani, uso nje.

Sasa Makala, andika utakayosoma. Unakumbuka kistari changu cha penseli kwenye karatasi za redioni, ulikuwa ukiuliza ni cha nini. Ni cha kumwonyesha msomaji mahali pa kupumua. Mtangazaji asiyekiweka hukatika pumzi katikati ya jina la mtu. Andika. Masahihisho. Mimi, Mzee Chumvi, nilisema mkunga alikuwa anakunywa chai mzazi akifa. Nilisema uongo, kwa kuwa sikwenda kuuliza. Weka kistari. Binti yangu alipokelewa na Mama Taratibu... kistari... mvua inanyesha, daraja limekatika, akaja. Wanawe... wana jina. Litaje jina lao lote, Makala, polepole, lisikatike.

Mungu awaangazie, wanangu. Awape ulimi unaorudi nyuma ukikosea. Mkubwa, nipe mkono. Mungu awa... weka kistari hapo, mwanangu. Weka kistari.