Rangun na Radi ya Mvunguni

Mkono wa baba mkwe haukataliwi. Kosgei alifundishwa hilo kabla hajaota meno ya mbele, na ndilo lililomwangusha. Asubuhi hiyo, kwenye benchi la fundi cherehani karibu na stesheni ya reli ya Nakuru, alikuwa amesimama juu ya tairi kuukuu la lori, mkono wa kushoto umeshika waya wenye stima, wa kulia umezikwa mfukoni, akiwahubiria wenzake: "Fundi wa stima kali ana mkono mmoja tu. Huo mwingine hulala mfukoni." Mashini yenyewe ilikuwa kasha la sabuni lenye koili mbili za malori yaliyokufa, betri, na kengele ya mlango iliyovuma kama nyuki. Mara akatokea Mzee Kiptanui, baba wa mkewe, miguu mitupu juu ya udongo uliolowa mvua, akanyoosha mkono. Kosgei akautoa wake mfukoni kwa adabu zote. Pa! Mzee akaruka kama mbuzi aliyeona chui, kofia ikaenda mtaroni, na Kosgei akaifuata kwa matako.

— Rangun, umeua mkwe! alipiga kelele Karani, mwandishi wa barua za wasiojua kuandika.

Jina la Rangun Kosgei alipewa kwa sababu kila hadithi yake lazima ipitie mji huo wa Bama, alikotandaza waya za simu za jeshi. Vita vilikuwa vimekwisha miaka kumi na mitatu iliyopita, lakini yeye alikuwa hajarudi vizuri.

— Sijafa, alisema mzee. Nipeni mahali pa kukaa.

Wangu, mwenye birika la kahawa, akamketisha na kumtilia kikombe. Mzee akanywa kwa mkono mmoja, ule uliochapwa ameubana kwapani. Na ndiye aliyekuja kuamua! Siku nane sasa Jerop, mke wa Kosgei, alikuwa kwa babake huko Njoro. Jumapili alikaa kwenye kitanda cha chuma avae viatu vya kanisani, wakati mumewe yuko mvunguni anajaribu mashini na waya umegusa mguu wa kitanda. Jerop alikwenda kanisani na kiatu kimoja, na kutoka kanisani akapitiliza hadi kwenye basi. Leo mzee ameteremka kusema kama atarudi au hatarudi.

— Mzee, usimhukumu, alianza Karani. Hiyo mashini ni dawa. Dawa ya moto ni moto! Huko Bombei watu wanapanga laini wapigwe hivyo. Baridi yabisi inatoka kwa mifupa ikilia.

— Ulifika Bombei lini? aliuliza Wangu.

— Nimeandika barua za kwenda huko.

Sindano, fundi cherehani mwenye benchi, akasimamisha gurudumu lake.

— Dawa gani, bwana! Hiyo ni mbolea. Zika hiyo waya kwa shamba la viazi kule Dundori uone. Viazi vinashtuka, vinafura. Haba na haba hujaza kibaba.

— Viazi ni kitu ndogo, alisema Karani. Ule moshi unatoka kwa ardhi huko Naivasha, mnafikiri ni maji ya moto? Ni stima ya kale, imezikwa na wazee. Rangun akiunga waya yake na ile, tutawasha mpaka Kisumu.

— Na wale heroe wa ziwani? Sindano hakukubali kushindwa. Kwa nini ni wekundu? Wanasimama kwa maji ya stima! Ndiyo maana wanainua mguu mmoja. Wamejua kanuni ya Rangun zamani: mguu mwingine uko mfukoni.

— Basi ndege wameshinda hii benchi akili, alisema Wangu. Mtu mzima ana vidole kumi, vitatu vimeungua, ati anajifurahisha. Si ungecheza bao, Rangun, kama wanaume wengine?

Kosgei akainuka, akapangusa matope. Alijua afadhali anyamaze, na hajawahi kuweza.

— Bao halina harufu, mama. Mchana kutwa niko gereji nafunga taa za malori ya watu, nasema ndiyo bwana, ndiyo bwana. Jioni nikikaribisha hizi waya mbili, cheche ya zambarau inaruka, urefu wa kidole, inanukia kama mvua ya kwanza. Najua inaweza kuniua, na inaniacha. Kwa dakika moja mimi ni mtu ambaye radi inamwomba ruhusa.

Sindano akajikuta ananusa hewa.

— Iliomba ruhusa saa ile ulikaa mtaroni? aliuliza Wangu.

Benchi likaangua kicheko. Mzee Kiptanui hakucheka. Aliweka kikombe chini.

— Kosgei.

— Naam, baba.

— Hii stima yako ni nyingi?

— Nyingi, baba! Volti maelfu! Inaruka hewani yenyewe!

— Na kwako kuna taa?

Karani akatazama kalamu yake. Sindano akakanyaga cherehani isiyo na nguo. Wangu alitikisa birika, kumbe tupu. Kosgei aliona akilini koroboi la Jerop likifuka moshi juu ya sufuria, naye Jerop ameinama, anachambua maharagwe kwa kupapasa mawe. Mara ngapi alimwomba? Na malori yote yaliyopanda kwenda Eldoret yalimulikwa na vidole vya mumewe.

Akachukua koleo, akakata waya za koili moja, kisha ya pili. Kasha likabaki na betri peke yake.

— Betri ninayo, alisema. Balbu ya lori ninayo. Leo jua halitazama kabla haijawaka, baba.

Mzee akaokota kofia yake, akaikung'uta. Kosgei akanyoosha mkono wa kuagana.

— Basi kesho nije Njoro nimchukue Jerop?

Mzee Kiptanui akautazama mkono ule, akauzika wa kwake ndani ya mfuko wa koti.

— Washa kwanza.