Kibodi ya Vipande Viwili

Benchi letu liko nje ya duka la fundi cherehani, chini ya bati linalovuja kona moja tu, na kona hiyo huachiwa wageni. Fundi mwenyewe tunamwita Mkasi, kwa sababu hukata nguo na maneno ya watu. Pembeni yake hukaa Breki, dereva mstaafu wa malori, ambaye ulimi wake haujawahi kufungwa kifaa hicho. Mimi ndiye muuza kahawa. Birika langu ndilo spika wa bunge hili. Asubuhi hiyo alirudi Nukta, mtunzi wa hadithi anayekaa chumba cha uani kwa shemeji yake, ng'ambo ya barabara. Alikuwa amepotea kijiweni tangu mvua zilizopita. Mara ya mwisho kikombe kilimponyoka, vidole vimekufa ganzi, akasema uandishi basi. Sasa alikuja na bahasha nene kwapani na kitu kilichofungwa kwenye kanga. Akakifungua juu ya benchi: kibodi ya kompyuta, imekatika katikati, nusu mbili zimeunganishwa kwa waya.

— Pole sana, ndugu yangu, akasema Mkasi. Nani kaikalia?

— Haijakaliwa. Ndivyo ilivyotengenezwa.

— Imetengenezwa ikiwa imevunjika?

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, akasema Breki, akitikisa kichwa kwa majonzi.

— Breki, kibodi ina guu gani?

— Igeuze uone.

Mkasi akaigeuza. Kweli, chini ilikuwa na vimiguu vya kuiinua. Breki akanywa kahawa yake kwa ushindi.

— Nimeshaelewa, akasema Mkasi. Hii ni ya mume na mke. Mmoja upande huu, mwingine ule. Wakigombana, kila mtu anaondoka na nusu yake.

— Acha bwana! akasema Breki. Upande wa kushoto unaandika mwanzo wa hadithi, wa kulia unaandika mwisho. Waandishi wavivu wananunua wa kulia peke yake.

— Na huu waya wa katikati?

— Hapo ndipo mapenzi yanapopita.

Nukta alicheka hadi akafuta machozi. Nikamwongezea kahawa. Mimi nilikuwa nautazama mkono wake: umeshika kikombe, umetulia.

— Hebu tueleze basi, nikamwambia. Ulituacha na kilio, umerudi na kicheko.

— Mnakumbuka kaka yangu alipofariki, akaanza. Nilitaka kumwandika kabla sijamsahau. Alivyotembea, alivyobishana na redio. Lakini nilikuwa nataipu kwa vidole viwili, nadonoa kama kuku. Namsikia kaka kichwani anaongea vizuri kabisa. Nainamisha macho nitafute herufi, nikiyainua, kaka kanyamaza. Sentensi imekwenda zake.

— Kidole kimoja hakivunji chawa, akasema Breki, na sote tukamgeukia, maana methali yake ilikuwa imekaa mahali pake.

— Basi nikawa najikunja. Mabega masikioni, viganja vimepinda, hadi ganzi ikaja. Nikaifunga kompyuta. Shemeji akaniuliza, "Mbona siku hizi husikiki?"

Shemeji yake sote tunamjua. Alikuwa mpiga chapa wa mahakama enzi za mashine za chuma za kuchapa, na baada ya kustaafu macho yake yakazimwa na presha ya macho. Hutembea kwa fimbo nyeupe, na ukimsalimia hukutambua kabla hujamaliza salamu.

— Akanikalisha chini, akaendelea Nukta. Akanitupia kanga juu ya mikono.

— Ya nini?

— Nisivione vitufe.

— Macho hayana pazia, akasema Breki.

— Ya kwangu yalipata. Akaniambia, vidole vya shahada viweke kwenye F na J, pana vinundu, vipapase. Kila kidole kina nyumba yake na majirani zake. Kikitoka kikabishe hodi, kisha kirudi kwake. Jamani, mwanzo niliteseka! Nilikuwa polepole kuliko hata nilivyokuwa nikidonoa. Naye amekaa pale anafuma sweta, mara anasema, "Umechungulia!"

— Alijuaje, naye haoni?

— Mdundo. Nikichungulia, mdundo unakatika.

— Huyo ni mganga, akasema Mkasi.

— Ni mpiga chapa. Hii kibodi nayo nimepewa na binti yake, anayefanya kazi ya kutafsiri. Unazitenga nusu mbili kwa upana wa mabega, viganja vinanyooka, kifua kinafunguka. Tabibu wa viungo alinionya kwamba si dawa, nipumzike na nifanye mazoezi pia. Nikatii. Na polepole vidole vikajua njia. Siku moja nimekaa kuandika, nikashtuka jua lililokuwa dirisha hili limehamia lile. Mikono sikuwa nimeitazama hata mara moja. Nilikuwa namtazama kaka.

Mkasi akatunga uzi kwenye sindano.

— Basi kuanzia kesho nashona nimefumba macho.

— Mimi niliwahi kuendesha lori hivyo, akasema Breki.

— Tunajua. Tuliona ukuta.

— Sikilizeni! akasema Breki. Benchi hili tulikate vipande viwili. Mabega yetu yakipumua, kijiwe kizima kitatoa vitabu!

— Nawashukuru, akasema Nukta huku akiipapasa bahasha. Changu kimekwisha. Nimekuja niwaonyeshe ninyi kwanza.

Kwenye kona inayovuja alikuwa amekaa mama mmoja mgeni, akisubiri Mkasi ambadilishie zipu ya sketi. Akajisogeza.

— Samahani, kaka zangu. Huyo shemeji, hadithi yenyewe ameshaisikia?

Mkasi akamtazama Breki. Breki akafungua mdomo atafute methali, akaufunga.

— Amesikia vitufe vyote, akasema Nukta taratibu. Neno hata moja sijamsomea. Kaka yangu alikuwa mumewe. Nimemwandika kama alivyokuwa, na ukaidi wake wote. Akiumia, je?

Nikainua birika, likatoa matone, likakauka.

— Kahawa imekwisha, nikasema. Nenda, mdogo wangu.

Akaenda na bahasha, kibodi akatuachia. Dirisha la sebuleni kwa shemeji yake lilikuwa wazi, na sauti yake ikatufikia ikitetemeka. Alikuwa anasoma siku kaka yake alipojifanya fundi bomba, maji yakajaa nyumba nzima, naye amepanda juu ya meza anaamuru watu watulie. Akasoma mpaka mwisho wa tukio. Mkasi aliuondoa mguu wake kwenye cherehani.

Kisha kikalipuka kicheko ambacho mtaa haukuwa umekisikia tangu msiba.

— Ndiye! Ndiye huyohuyo! Na akakana mpaka nikamwomba radhi mimi!

Alicheka, akalia, akacheka tena. Halafu sauti yake ikashuka, tukalazimika kuinamia barabara ili tuisikie.

— Ahsante, shemeji. Ahsante sana. Rudia tangu alipopanda mezani.

Nukta akarudia. Safari hii sauti haikutetemeka, na yule mama hakuiulizia sketi yake.