Miaka Saba Meza Moja

Basini, nikienda darasa la jioni, mbele yangu walikaa fundi wa mitandao na mama aliyekuwa akienda kuwapatanisha wanawe wawili. "Hii waifai ilianzaje, mwanangu?" mama aliuliza.

"Kampuni zilishindana, mama. Vifaa vya huyu havikuelewana na vya yule. Wahandisi wao wakakaa meza moja miaka saba, wakakubaliana: kila kifaa kisikilize kwanza, kikisikia kingine kinasema, kingoje."

"Saba tu! Wangu hawasemezani mwaka wa tisa huu."

"Waketishe leo."

"Mkubwa atataka aanze yeye."

"Kwetu hata kifaa cha kampuni kubwa hungoja, mama."

Mama alicheka, nami nikacheka, ingawa sikuulizwa. Basi likasimama. Kituoni wanaume wawili walisimama mbalimbali, kila mmoja amenyoosha mkono kupokea mkoba wa mama yao. Mama aliukumbatia mlangoni, asimpe yeyote kwanza. Nikawaombea.